Kabla ofisi yenu haijapiga haka

Haka, ule mchezo wa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wa maneno ya kuita, kupiga mapaja na kukanyaga kwa pamoja, haipigwi hewani. Kuna wanaoipiga na kuna anayepigiwa: mgeni anayeingia, marehemu anayesindikizwa, mhitimu aliyeitwa jina lake, mpinzani aliyesimama upande wa pili wa uwanja. Ofisi nyingi zinazomkodi mwalimu wa haka kwa ajili ya ile siku ya kujenga timu husahau jambo hilo moja. Watu 40 hujipanga mbele ya ukuta wa hoteli, hupayuka nusu saa, hupiga picha, na Jumatatu kila mmoja yuko nyuma ya kompyuta yake kama alivyokuwa Ijumaa.

Nayaandika haya kwa yule aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa siku hiyo, awe afisa utumishi, msaidizi wa mkurugenzi au mwenyekiti wa kamati ya ustawi. Haka kweli huwashikamanisha watu. Nchini New Zealand zipo shule, vikosi vya jeshi na ofisi zenye haka zao wenyewe, na anayeajiriwa hujifunza haka ya mahali pale pamoja na majina ya wenzake. Agosti 2012, miili ya wanajeshi 3 waliouawa Afghanistan iliporudishwa kambini Burnham, wenzao waliisimamia barabarani wakawapigia haka ya kikosi. Machi 2019, baada ya Waislamu kuuawa misikitini Christchurch, wanafunzi wa mji huo walikwenda kuwapigia haka wafiwa. Ukiutazama uso mmoja tu katika picha hizo utaelewa kwamba kinachofanyika pale si mazoezi ya viungo.

Neno lenyewe hupotoshwa. Wengi huandika "ngoma ya vita ya Wamaori", lakini haka ni jina la jumla. Peruperu ndiyo ya vita, huchezwa silaha mkononi. Taparahi haina silaha. Ngeri ni fupi, haina miondoko iliyopangwa, na kazi yake ni kuwasha moyo. Manawa wera ni ya msibani, haka pōwhiri ni ya kupokea wageni. Asili yake husimuliwa hivi: Jua, Tama-nui-te-rā, alimpata mtoto Tānerore na Hine-raumati, binti wa kiangazi. Siku za joto kali hewa juu ya ardhi hutetemeka, yale mazigazi tunayoyaona mchana juu ya lami, na Wamaori husema huyo ni Tānerore anamchezea mama yake. Ule mtetemo wa vidole unaouona kwenye haka, unaoitwa wiri, ndio huo. Hata haka ya kwanza kabisa, basi, ilikuwa na wa kupigiwa.

Sasa Ka Mate, ambayo kila ofisi huitaka kwa sababu imeiona kwenye raga. Aliitunga Te Rauparaha, chifu wa kabila la Ngāti Toa Rangatira, yapata mwaka 1820. Alikuwa akisakwa na maadui, akafika Rotoaira kwa Te Wharerangi, akafichwa ndani ya shimo la kuhifadhia viazi vitamu, na Te Rangikoaea, mke wa mwenyeji wake, akakaa juu ya mdomo wa shimo, kwa kuwa nguvu ya mwanamke iliaminika kubatilisha karakia, yaani maombi ya kimila, za waliomsaka. Maneno ni ya mtu aliye gizani akisikiliza nyayo: ka mate, ka mate, ni kifo, ni kifo, ka ora, ka ora, ni uhai, ni uhai. Kisha humtaja yule mwenye manyoya mwilini aliyelileta jua likawaka tena, na mwisho ni kupanda hatua kwa hatua hadi kwenye mwanga. Ni shukrani ya aliyenusurika. Kampuni inayoipiga kabla ya kwenda "kuwamaliza" washindani wake inasema kitu ambacho hakimo katika maneno, na kila anayejua Kimaori anasikia.

Ka Mate ina sheria yake pia. Tangu 2014 Bunge la New Zealand linatambua haki ya Ngāti Toa: ukiichapisha kibiashara, ukiitangaza kwa umma au ukiitia kwenye filamu ya kuonyeshwa hadharani, lazima utaje wazi kwamba mtunzi ni Te Rauparaha, chifu wa Ngāti Toa Rangatira. Mtu wa masoko anayetaka kuirusha video ya ofisi mtandaoni ajue hilo kabla ya kubonyeza kitufe. Na kama maneno yamebadilishwa ili jina la bidhaa lipate nafasi, basi video hiyo isirushwe kabisa. Mwaka 2006 kampuni moja ya magari ya Ulaya ilitumia Ka Mate katika tangazo, wanawake wakiipiga kwa ajili ya kuuza gari, na malalamiko yake hayakuwa madogo.

Ushauri wangu ni kuiacha Ka Mate kwa wenyewe na kutungiwa yenu. Mfano mzuri uko palepale kwenye raga. Picha za All Blacks, timu ya taifa ya raga ya New Zealand, za miaka ya 1970 zinaonyesha haka ya kulipua, mikono inarushwa kila mmoja kwa wakati wake. Katikati ya miaka ya 1980 Wayne "Buck" Shelford na Hika Reid, wote Wamaori, waliwawekea wenzao hoja: tuipige sawasawa au tuiache. Wachezaji waliulizwa, wakakubali, wakafundishwa maana, na kuanzia 1987 haka ikawa desturi hata katika mechi za nyumbani. Kisha Derek Lardelli wa kabila la Ngāti Porou akawatungia Kapa o Pango, iliyopigwa mara ya kwanza tarehe 27 Agosti 2005 mjini Dunedin dhidi ya Afrika Kusini. Ni yao. Inataja ardhi yao na jezi yao nyeusi. Ilizua ubishi, kwa sababu ishara moja ya mkono shingoni ilionekana kama kuchinja. Lardelli alieleza kuwa ni kuvuta nguvu ya uhai kuelekea moyoni na mapafuni. Angalia mpangilio wake: waliulizwa kwanza, wakajifunza, ndipo baadaye sana wakatungiwa.

Kutungiwa haka si kununua wimbo wa tangazo. Mtunzi lazima awe Mmaori anayetambuliwa kwa kazi hiyo, na ofisi ikiwa New Zealand, iwi, yaani kabila la Kimaori, yenye ardhi mliyojenga iulizwe mapema, kwa kuwa milima na mito itakayotajwa ni ya kwao. Mpeni mtunzi mambo ya kweli: ofisi ilianza lini na wapi, kazi yenu humgusa nani, mmepita shida gani, wenzenu gani wamefariki. Msimpe kaulimbiu ya kampuni. Mpeni miezi, si wiki. Kwa watu wasiojua Kimaori, mistari 6 hadi 8 inatosha, yaani kama nusu dakika ya kupiga. Na muandikiane: haka ni ya nani, itapigwa wapi, nani anaruhusiwa kuirekodi, matangazo yanaruhusiwa au la, na itakuwaje kampuni ikiuzwa au ikibadili jina. Hicho cha mwisho husahaulika mno, halafu haka iliyotungwa kwa machozi hubaki mikononi mwa watu wasiojua hata ilimhusu nani.

Mlipeni. Hili nalisema wazi kwa sababu ofisi zina tabia ya kumfuata mfanyakazi wao mmoja Mmaori na kumwambia "wewe si unaijua, tufundishe". Huenda anaijua, huenda haijui, huenda ni ya iwi nyingine. Vyovyote vile hiyo ni kazi ya pili isiyo na mshahara, na akiikataa anaonekana hana moyo wa timu. Mwulizeni kama mnavyomwuliza mtaalamu yeyote, akiwa huru kusema hapana.

Kwa matamshi, msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Irabu ni zile zile zetu tano, na r ni ya kugonga ulimi kama yetu. Mambo matatu tu yatakutega. Ng ya Kimaori daima ni ile ya ng'ombe, kamwe si ya ngoma: tangata, mtu, husomwa "tang'ata". Wh, sehemu nyingi, ni f: whiti ni "fiti". Na kile kistari juu ya irabu kinaamuru uivute, kwa maana urefu hubadili neno. Wahine ni mwanamke mmoja, wāhine ni wengi. Ukifupisha rā, jua, umekosea hata kama umepiga kelele kuliko wote.

Sasa siku yenyewe. Kwa watu 30 hadi 40, siku mbili za saa 3 zikiachana wiki moja zinafaa kuliko siku moja ya saa 6, kwa kuwa koo na mapaja yanahitaji kupumzika na maneno yanahitaji kulala kichwani. Mwalimu mmoja na msaidizi mmoja kwa kila watu 20. Eneo liwe kama mita 12 kwa 8, kila mtu akiwa na mita moja kushoto na kulia na moja na nusu mbele yake. Nyasi au mbao ndiyo sakafu nzuri. Juu ya vigae vya hoteli visigino huuma ndani ya robo saa na watu huanza kukanyaga kwa woga. Karatasi ya maneno, kila neno na maana yake, iwafikie watu wiki moja kabla.

Siku ya kwanza mwalimu hufungua kwa karakia na mihi, yaani salamu, huwaeleza haka ni ya nani na inasema nini. Kelele bado. Kisha maneno, watu wakiwa wamekaa, mstari kwa mstari, kwa sauti ya mazungumzo, dakika 40 nzima. Waandaaji hukikata kipande hiki kwa kuona kinachosha, na ndicho kinachoamua kila kitu. Mwili hauwezi kumwaga maneno ambayo ulimi bado unayatafuta. Baada ya hapo watu husimama, na mwili hufundishwa peke yake, bila maneno. Kuna mwito wa kufungulia ambao wenyewe ni somo zima. Kiongozi huita ringa pakia, mikono ipige mapaja. Uma tiraha, kifua mbele. Turi whatia, magoti yapinde. Hope whai ake, nyonga zifuate. Waewae takahia kia kino, miguu ikanyage kwa nguvu zote. Fuata mpangilio huo huo na utapata msimamo sahihi: miguu imepanuka kupita mabega, magoti yamepinda, mgongo umenyooka, uzito umegawanyika sawa. Mtu akisimama magoti yakiwa yamenyooka, sauti yake hupanda kooni na kishindo chake hakisikiki.

Maneno na mwili vikutane kwanza kwa nusu ya kasi. Siku ya pili ndiyo ya kasi kamili, macho na safu.

Kosa la kwanza utakaloliona ni mdundo kukimbia. Mstari wa kwanza unaenda vizuri, wa nne umeshakuwa mbio. Sababu ni mikono: ni myepesi kuliko miguu, na watu hufuata mikono. Mwalimu anayejua kazi huwafungia mikono mgongoni, huwaacha wakanyage tu dakika mbili au tatu wakisema maneno, ndipo hurudisha mikono ifuate mguu. Mguu wa haka hutua wayo mzima, ukitokea kwenye goti lililopinda. Kuunyanyua juu sana ni pambo linalochelewesha pigo.

Sauti ndiyo ya pili. Mtu wa ofisini hupayuka kwa koo, mabega yamepanda, na baada ya mara kumi hana sauti ya wiki nzima. Pumzi itoke chini ya kitovu, sauti iwe nzito kuliko ya kawaida. Mara 5 au 6 za sauti kamili kwa kipindi zinatosha kabisa, nyingine zote ziwe za chini, na maji yawe karibu. Kuhusu mapigo ya mkono, kiganja kiwe bapa, kitue kwenye nyama ya paja na ya mkono, na kifuani kitue chini ya mtulinga. Saa, pete, bangili na hasa zile beji za shingoni zivuliwe. Beji inayoyumba imeshamchubua mtu kidevu katika mazoezi mengi. Wenye mimba, wenye presha na wenye magoti mabovu wabebe sauti bila kukanyaga, wakae katikati ya safu ambako sauti yao inahitajika.

Kosa gumu kuliko yote ni kicheko. Huja wakati wa pūkana, kutoa macho. Watu hudhani ni kutengeneza sura mbaya, wanatazamana, wanacheka, na kila kitu kinaporomoka. Hapo kuwakemea hakusaidii. Wamaori wana maneno matatu: ihi, ile nguvu inayotoka kwa anayepiga, wehi, kicho kinachomshika anayetazama, na wana, kinachowaunganisha hao wawili. Kiswahili kina neno mori, na wengi huja wakitaka kupandisha mori tu, lakini mori unaweza kumpanda mtu akiwa peke yake. Haka inahitaji wa pili. Kwa hiyo gawa kundi nusu kwa nusu, wasimamishe wakitazamana, mita 3 kati yao. Nusu moja ipige, nusu nyingine isimame kimya, mikono chini, iwatazame machoni. Kisha wabadilishane. Kwa kawaida kicheko kinakufa mara ya pili, kwa sababu sasa macho yana pa kwenda. Kutoa ulimi, whetero, ni kwa wanaume. Desturi nyingine za nani afanye nini hutofautiana kati ya iwi na iwi, na za iwi ya mwalimu wenu ndizo za kufuatwa.

Nani aongoze? Kaitātaki ni kama manju wetu: huita, wengine huitikia. Anahitaji sauti iliyo wazi na wakati uliotulia ndani yake. Cheo hakihusiki, na mara nyingi mtu huyo ni wa mapokezi au wa ghala. Mkurugenzi akae safu ya pili, jasho limtoke kama wengine. Mkurugenzi anayesimama pembeni na simu akirekodi ameshaiua haka kabla haijaanza, kwa kuwa amejifanya mtazamaji wa watumishi wake. Wasiotaka kupiga, kwa dini, kwa mwili au kwa haya yao, wasilazimishwe wala kusemwa. Wana nafasi yenye heshima: wasimame upande wa anayepigiwa.

Hakuna sketi za nyasi, hakuna mikuki ya mbao ya kukodi, hakuna pombe kabla. Hakuna kuchorana usoni kwa kalamu ya wino, maana moko, chale za Wamaori za usoni, hueleza ukoo wa mtu, na kuibandika kwa mzaha ni kama kuvaa kitambulisho cha mwenzako. Kwa zaidi ya miaka 20 wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Auckland walikuwa wakifanya haka ya kejeli kila mwaka, sketi za nyasi viunoni na matusi yamechorwa miilini. Walilalamikiwa, hawakusikia. Tarehe 1 Mei 1979 kundi la vijana wa Kimaori na wenzao, He Taua, likawaingilia kwenye mazoezi, wakapigana, na mchezo huo haukurudi tena.

Kama ofisi iko mbali na New Zealand, tafuteni Wamaori walioko huko; London kwa mfano wana chama chao, Ngāti Rānana. Kama iko Dar es Salaam au Nairobi na hakuna Mmaori wa kuwafundisha, msijifunze kwa video. Mchukueni manju na wapiga ngoma wa mahali penu, mtungiwe kitu cha lugha yenu chenye kiitikio, na mkiite kwa jina lake. Kanuni ya kuwa na anayepigiwa inafanya kazi vilevile, na hapo hamtakuwa mmeazima kitu cha mtu.

Amueni mapema mtampigia nani. Anayestaafu, mfanyakazi mpya, timu iliyorudi kutoka kazi ngumu, familia ya aliyefariki. Mwambieni kabla, asishtuke. Asimame mita 4 au 5 mbele yenu, atazame, asipige makofi katikati, asiwe na simu mkononi. Mkimaliza, nyamazeni. Msishangilie wala msivunje safu. Mpeni nafasi ajibu, hata kwa maneno mawili, hata kwa kusogea na kuwashika mikono mmoja mmoja. Baada ya hapo rudieni dakika 15 kila wiki mbili, na kila mgeni wa ofisi afundishwe na aliyeingia kabla yake, la sivyo miezi sita ikipita watakaoikumbuka ni watatu.

Kisha chakula. Kwa Wamaori shughuli nzito huwaweka watu katika hali ya tapu, yaani utakatifu wenye miiko, na kula pamoja ndiko kunakowarudisha kwenye hali ya kawaida. Kwa hiyo chai, maandazi na chochote mlichoandaa kiwe tayari mezani kabla haka haijaanza, chumba cha pili, kimefunikwa, ili watu watoke kwenye safu waende moja kwa moja kula, na aliyepigiwa atangulie.